Obama pointi 21, Trump pointi 20, wapiga kura walewale: tuzungumze mashamba na miji ya Marekani

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Kila ukiisha uchaguzi wa Marekani inasambaa ile ramani ya kaunti (wilaya ndani ya kila jimbo): nchi nzima nyekundu, rangi ya Warepublikani, na madoa ya bluu, rangi ya Wademokrati, kwenye miji na kandokando ya bahari. Chini yake matusi ni yaleyale. Huyu anasema washamba ndio wanaoizamisha nchi, yule anasema watu wa mjini wamelaaniwa. Mimi naishi Des Moines, Iowa, kazi yangu ni lori, na barabara zangu zinapita katikati ya hizo kaunti nyekundu. Inaniuma kuona ndugu zetu, walioko huku na walioko nyumbani, wakilibeba jambo hili juujuu, wakati uchaguzi wa Marekani unaamua hadi nani apate viza na dawa gani zifike kwenye hospitali zetu.

Hoja yangu naiweka mapema ili mnipinge vizuri. Tofauti ya shamba na mji kwa ukubwa huu tunaouona ni mpya, imekua ndani ya kizazi kimoja. Na kilichoikuza zaidi, kwa ninavyoona mimi, ni kufa kwa vitu vya katikati: chama cha wafanyakazi, gazeti la mji mdogo, mwanasiasa wa jirani. Hivyo ndivyo vilivyomfanya mtu wa kijijini amjue Mdemokrati kwa jina na sura kabla hajamwona kwenye televisheni.

Tuanze na Howard. Ni kaunti ndogo kaskazini mwa Iowa, mpakani na Minnesota, ina watu kama 9,000, makao makuu yake ni Cresco. Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 1970, ni mtoto wa maeneo hayo. Wakazi karibu wote ni Wazungu. Mwaka 2012 Howard walimpa Obama, Mdemokrati, ushindi wa pointi 21 hivi, yaani alimzidi mpinzani wake kwa asilimia 21 ya kura. Mwaka 2016 wakampa Trump, Mrepublikani, ushindi wa pointi 20. Hakuna kaunti nyingine Marekani nzima iliyotoka zaidi ya pointi 20 upande huu ikafika pointi 20 upande ule. Na miaka minne haitoshi kuwahamisha watu wa kaunti na kuleta wengine. Ni walewale, mashamba yaleyale, makanisa yaleyale.

Howard haikuwa peke yake. Iowa ina kaunti 99, na 31 kati ya hizo zilimchagua Obama mara zote mbili kisha zikaenda kwa Trump 2016. Biden mwaka 2020 aliambulia kaunti 6. Harris mwaka 2024 aliambulia 5. Hili ndilo jimbo lililomfungulia Obama njia Januari 2008 alipoibuka wa kwanza kwenye mchujo wa chama chake, likampa ushindi wa zaidi ya pointi 9 mwezi Novemba. Mwaka 2024 Trump alilichukua kwa pointi 13.

Sasa pandeni juu mtazame nchi nzima. Bill Clinton mwaka 1996 alishinda takriban kaunti 1,500, karibu nusu ya kaunti zote za Marekani. Biden mwaka 2020 alipata kura zaidi ya milioni 81, nyingi kuliko mgombea yeyote kabla yake, lakini kaunti alizoshinda hazikufika 600. Kufikia 2024, watu wa mashambani karibu 7 kati ya 10 walimpigia Trump, na watu wa mijini karibu theluthi mbili walimpigia Harris.

Nitaendelea na mji mmoja ninaoupitia mara kwa mara, maana takwimu peke yake hazitatufikisha.

#2 Mleta uzi

Ukitoka Des Moines kwa barabara ya I-80 kuelekea mashariki, baada ya kilomita kama 50 unaikuta Newton, makao makuu ya kaunti ya Jasper. Kuanzia 1893 huu ulikuwa mji wa Maytag, wale wa mashine za kufulia. Mji una watu kama 15,000, na enzi zake nzuri kampuni iliajiri karibu 4,000 hapo. Waliokuwa kiwandani walikuwa wanachama wa UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari na vinginevyo, tawi namba 997. Mwaka 2006 Whirlpool wakainunua Maytag, na Oktoba 2007 kiwanda kikafungwa.

Wengi wakifika hapo wanamaliza hadithi: kazi ziliondoka, watu wakakasirika, wakamchagua Trump. Subirini kwanza. Jasper ilimchagua Obama Novemba 2008, mwaka mmoja tu baada ya kufuli kupigwa. Ikamchagua tena 2012. Tarehe 22 Aprili 2009, miezi mitatu tu tangu aapishwe, Obama alikwenda Newton mwenyewe akahutubia katika kiwanda cha minara ya mitambo ya upepo kilichoanzishwa ndani ya majengo ya zamani ya Maytag. Kwa hiyo hasira ya ajira peke yake haitoshi kueleza. Watu walikuwa wamepoteza kazi na bado walikuwa Wademokrati.

Kilichofuata kilikuja polepole. Tawi la chama cha wafanyakazi kwenye mji mdogo halikuwa la kudai mshahara tu. Ukumbi wake ndiko walikopokelewa wagombea, ndiko wastaafu walikokunywa kahawa. Na mwezi wa Oktoba aliyekugongea mlango kukwambia "fulani anatufaa" alikuwa mtu mliyesimama naye mstari mmoja wa kuunganisha mashine kwa miaka 15. Unamsikiliza hata kama humkubali, kwa sababu unajua hana cha kukuuzia. Kiwanda kikifa, tawi linabaki la wastaafu, wastaafu nao wanapungua. Anayegonga mlango sasa ni kijana wa chuo aliyeshushwa na gari kutoka Des Moines au Chicago, ana karatasi mkononi, na wiki ijayo hayupo.

Magazeti nayo yaliondoka. Tangu 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake, na mengi ni yale ya kila wiki ya miji midogo, ambayo kazi yake ilikuwa kuandika kwamba bodi ya shule imepitisha hiki na daraja la mahali fulani limeahirishwa tena. Lisipokuwepo, habari zote za siasa zinatoka Washington, na huko kuna rangi mbili tu.

Angalieni matokeo. Kuanzia 1985 hadi mwanzoni mwa 2015, miaka 30 mizima, maseneta wa Iowa walikuwa Chuck Grassley, Mrepublikani mkulima, na Tom Harkin, Mdemokrati mtoto wa mchimba makaa. Wapiga kura walewale waliwarudisha wote wawili kila mara, kwa sababu kila mmoja walimpima kwa kazi yake. Baada ya uchaguzi wa 2024, kati ya majimbo 50 yamebaki matatu tu yenye maseneta wa pande mbili tofauti: Wisconsin, Pennsylvania, na Maine ukimhesabu Angus King asiye na chama, anayekaa na Wademokrati.

Karibuni.

#3 Mtu wa Mbozi

Mkuu, heshima yako. Mimi ni mkulima wa mahindi, kwa hiyo nauliza kwa nia njema. Hawa wakulima wa Marekani wana ruzuku, wana bima ya mazao, wana matrekta yanayojiendesha. Sisi mbolea tu ni vita. Wanalalamika nini hasa hadi wageuke chama?

#4 Mleta uzi

Mkuu wa Mbozi, swali zuri. Kwanza tulirekebishe kidogo: wakulima ni wachache hata huko mashambani. Ukisema mpiga kura wa kijijini Marekani, uwezekano mkubwa ni muuguzi, mwalimu, fundi, dereva, mfanyakazi wa kiwandani au mstaafu. Mkulima ndiye anayeonekana, ila kura nyingi ni za hao wengine.

Lakini naomba nikueleze nilichokiona wakati wa mavuno, maana kitakugusa. Mwezi wa Oktoba malori yanapanga foleni kwenye maghala ya nafaka. Ukifika kwenye mizani, bomba linashuka kutoka juu linazama kwenye mahindi, linanyonya sampuli, inapelekwa ofisini kupimwa unyevu. Kiwango ni asilimia 15. Ukizidi hapo unakatwa. Bei iko kwenye skrini ukutani, na imetoka soko la Chicago asubuhi hiyo. Mkulima anasimama pale na kofia yake anasoma. Mbegu kainunua kwa bei ya kampuni, mbolea kwa bei ya kampuni, na zao lake anauza kwa bei aliyopangiwa mji mwingine. Hata mwenye ekari 1,000 habishani na ile skrini.

Babu yake alikuwa na majirani wengi kwenye hilo hilo eneo. Miaka ya 1980 riba zilipanda, bei zikaanguka, mashamba mengi yakapigwa mnada, Iowa ikiwa katikati ya janga lile. Waliobaki walipanuka wakanunua ya wenzao. Familia zikipungua, shule mbili zinaunganishwa kuwa moja. Shule ikiondoka, duka linafuata. Wodi ya wazazi ya hospitali inafungwa kwa kukosa wajawazito wa kutosha, na zaidi ya hospitali 100 za mashambani Marekani zimefungwa au zimeacha kulaza wagonjwa tangu 2010. Mtoto mwenye akili za shule anakwenda Iowa City au Ames kusoma, kisha Minneapolis, harudi. Na huko mjini anageuka Mdemokrati, kwa sababu leo shahada ya chuo imekuwa miongoni mwa dalili kubwa za mtu atapiga kura wapi. Wazazi wanaachwa kijijini. Huo mgawanyiko unapita katikati ya meza ya chakula ya familia moja.

Kuhusu ruzuku uko sahihi, na hapa ndipo watu wa mjini wanapowaona wakulima wanajikanganya. Mwaka 2018 Trump alipoanza vita vya ushuru, China ikajibu kwa asilimia 25 kwenye soya, na bei ikaanguka. Serikali yake ikatangaza fidia: hadi dola bilioni 12 mwaka ule na hadi bilioni 16 mwaka uliofuata. Wengi wakabaki naye. Unaweza kusema walinunuliwa. Mimi nimeongea na wengi kwenye foleni za maghala, na ninachosikia ni kwamba wanaamini yule anapigana kwa ajili yao hata anapowaumiza, na wale wengine hawawaoni kabisa. Sikubaliani na imani hiyo, ila naiheshimu kiasi cha kuisikiliza hadi mwisho.

Na kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Mtama wa Kansas umelisha watu katika nchi nyingi za Afrika kupitia mpango wa msaada wa chakula wa Marekani ulioanzishwa 1954. Serikali ya Trump ilipoivunja USAID, shirika la misaada la Marekani, mwaka 2025, wakulima hao hao wa Kansas waliompa kura walikuwa miongoni mwa walioumia.

#5 Binti Likoni

Kaka, naona unawapamba. Sema lililo kweli, ni ubaguzi wa rangi. Weupe wa kijijini hawakutaka kuona Mweusi Ikulu, basi. Hayo ya magazeti na vyama vya wafanyakazi ni kuwatafutia sababu.

#6 Mleta uzi

Dada, sikatai kabisa kwamba rangi imo. Imo, na huko Kusini ndiyo nguzo. Weupe wa mashambani wa Alabama na Mississippi walikuwa Wademokrati kwa miaka mingi, na walipoona chama kimesimama na sheria ya haki za raia ya 1964 ndipo walipoanza kuondoka kwa wingi. Hakuna haja ya kuzunguka hapo.

Lakini nisaidie na mambo haya.

Howard walimpa Obama, mtoto wa mtu wa Kogelo, ushindi wa pointi 21. Walishaishi naye Ikulu miaka minne, walimjua rangi yake. Ubaguzi peke yake hauwezi kueleza kura ya 2012. Unaweza kueleza kwa nini maneno fulani ya 2016 yaliwaingia, hilo nakubali, na wapo walioyapenda kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu tukisema "mashambani" tunawasahau watu. Kaunti ya Holmes kwenye uwanda wa Mississippi ni ya mashamba, ni maskini, wakazi wengi ni Weusi, na inawapa Wademokrati karibu asilimia 80 au zaidi. Kaunti ya Oglala Lakota huko South Dakota, nchi ya Wahindi Wekundu wa Lakota, ni hivyo hivyo. Vermont ni miongoni mwa majimbo yenye watu wengi zaidi wa vijijini kwa uwiano, na ni ngome ya Wademokrati. Kwa hiyo kuishi mbali na mji hakumfanyi mtu Mrepublikani. Inategemea nani alikufikia, kwa kitu gani.

Kisha tazama kaunti ya Starr, Texas, kwenye mto Rio Grande mpakani na Mexico. Wakazi karibu wote ni Walatino. Ilikuwa ikiwapigia Wademokrati kwenye urais tangu 1896. Hillary Clinton alipata huko asilimia 79 mwaka 2016. Mwaka 2024 Trump akaichukua. Hapo hakuna Mzungu wa kumlaumu. Kuna watu wa kazi za mafuta na ulinzi wa mpaka, wenye familia pande zote mbili za mto, waliokuwa wanapiga kura kwa mazoea ya babu zao hadi mazoea yakakatika.

Tena mtazame upande mwingine wa historia. Katikati ya miaka ya 1930 nyumba 9 kati ya 10 za mashambani Marekani hazikuwa na umeme. Kampuni za umeme zilikataa kuvuta nyaya kwa wateja wachache waliotawanyika. Serikali ya Roosevelt mwaka 1935 ikaanzisha shirika la kukopesha vyama vya ushirika vya wakulima, wakajivutia wenyewe. Mpaka leo nikiegesha kwenye miji midogo naona ofisi za vile vyama vya ushirika vya umeme, bado vipo, bado ni mali ya wanachama. Kile kizazi kilimjua Mdemokrati kwa balbu iliyowaka jikoni. West Virginia, jimbo la makaa, lilimchagua hata Mdemokrati Michael Dukakis mwaka 1988, mwaka ambao chama kilishindwa karibu kila mahali. Mwaka 2024 Trump alipata huko karibu asilimia 70. Wajukuu wa wachimbaji walewale.

#7 Kivu_Ottumwa

Ndugu mleta uzi, nashukuru. Mimi ni Mkongomani, niko Ottumwa, kusini mashariki mwa Iowa, nafanya kiwanda cha nyama. Watu wanafikiri Waswahili wa Marekani wote wako Dallas na Minneapolis. Sisi tuko huku vijijini na tuko wengi. Kazini kwetu utasikia Kiswahili, Kihispania, Kiingereza kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Nataka kusema kitu nilichokiona. Wazee wa Kizungu wa hapa tunasali nao. Mmoja alinifundisha kuendesha gari kwenye barafu, alinisubiri kwenye mtihani wa leseni. Na kwenye uwanja wake kuna bango la Trump. Nilimuuliza, mzee, si unajua mimi nilikuja kama mkimbizi? Akanijibu: wewe nakujua. Basi, hilo tu. Nimelifikiria sana jibu lile.

#8 Mleta uzi

Ndugu wa Ottumwa, hapo umesema jambo ambalo mimi nimeandika kurasa nzima kulitafuta. Wewe anakujua. Wakimbizi anaowasikia kwenye televisheni hawajui. Ni vilevile kwa Wademokrati: Harkin alimjua, "Wademokrati" hawajui.

Kwa wasioijua Ottumwa, iko kaunti ya Wapello, mji wa kiwanda cha nyama na wa vyama vya wafanyakazi. Kabla ya Trump, Mrepublikani wa mwisho kushinda urais kwenye kaunti hiyo alikuwa Nixon mwaka 1972.

#9 Mzee wa Kigoma

Vijana, mimi nina swali dogo. Watu wengi zaidi wanaishi mjini. Sasa iweje hao wachache wa mashambani wawe na nguvu hivyo? Si wengi wape?

#10 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Jibu ni katiba yao. Kila jimbo lina maseneta wawili, liwe kubwa au dogo. Wyoming ina watu kama 577,000 kwa sensa ya 2020. California ina milioni 39 na nusu. Wote wana maseneta wawili wawili. Na Seneti ndiyo inayothibitisha majaji wa Mahakama ya Juu.

Rais naye hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi. Kuna wajumbe 538, anayefikisha 270 ndiye rais. Karibu kila jimbo linampa mshindi wake wajumbe wote. Hillary Clinton mwaka 2016 alimzidi Trump kwa karibu kura milioni 2.9 nchi nzima na akashindwa. Mwaka 2024 Trump alishinda vyote, kura na wajumbe, kwa hiyo yeyote anayesema anashinda kwa mfumo tu, takwimu za mwisho zinamkatalia.

Majimbo mawili, Maine na Nebraska, hugawa sehemu ya wajumbe kwa wilaya za bunge. Hapo ndipo mzee utauona mgawanyiko wote kwenye jimbo moja. Nebraska ni ya Warepublikani kutoka mwisho hadi mwisho, isipokuwa wilaya ya Omaha, iliyompa mjumbe mmoja Obama 2008, Biden 2020 na Harris 2024. Mwaka 2024 nilipokuwa napeleka mizigo Omaha niliona kwenye nyua za watu mabango meupe yenye duara la bluu katikati, hakuna neno wala jina la mgombea. Kila mtu alielewa. Huku Maine ni kinyume: jimbo huwapa Wademokrati, na wilaya yake ya pili ya misitu na vijiji imempa Trump mjumbe mmoja mara zote tatu.

Kuna jambo jingine linalowaumiza Wademokrati hata pasipo hila ya mtu. Kura zao zimerundikana. Wakishinda mtaa wa mjini kwa asilimia 85, zile za ziada hazina kazi, huku Mrepublikani akishinda wilaya nyingi za nje kwa asilimia 58. Wisconsin mwaka 2018 Wademokrati walipata karibu asilimia 53 ya kura za bunge la jimbo wakaambulia viti 36 kati ya 99. Hapo hila ilikuwepo pia, mipaka ilichorwa kwa makusudi, ndiyo maana ikachorwa upya mwaka 2024. Ila hata ukichora kwa haki, kurundikana kunabaki.

Ndiyo maana wengi sasa wanatazama vitongoji, ile mikanda ya nyumba kati ya mji na shamba. Orange County, California, iliyowahi kuwa kitovu cha Warepublikani, ilimchagua Mdemokrati 2016 kwa mara ya kwanza tangu 1936. Sitalirefusha hilo, linastahili uzi wake.

#11 Mtu wa Mbozi

Nimekuelewa mkuu. Sasa kama tatizo ni kutojuana, si wamsimamishe tu mkulima wa kweli, kijiji kitamchagua?

#12 Mleta uzi

Walijaribu, na hapa ndipo ninapokosa raha. Jon Tester wa Montana ni mkulima wa kweli, wa Big Sandy. Mkono wake wa kushoto una vidole viwili tu, vitatu vilikatwa na mashine ya kusaga nyama utotoni. Alikuwa seneta tangu 2007 na alikuwa akirudi shambani kulima mwenyewe. Mwaka 2024 alishindwa. Montana walimjua sana, lakini wengi waliona kura yake Washington inawapa nguvu watu wasiowataka. Siasa za taifa zilimfunika na vidole vyake na trekta lake.

Wapo waliopenya. Tammy Baldwin wa Wisconsin alirudi Seneti mwaka huo huo wa 2024 wakati Trump akilishinda jimbo lake. Amekuwa akihangaikia mambo ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kwa miaka, na shirikisho la wakulima la Wisconsin, ambalo kawaida huwaunga mkono Warepublikani, lilimuunga mkono yeye. Marie Gluesenkamp Perez wa jimbo la Washington, mwenye gereji ya magari na mumewe, ameshinda mara mbili kwenye wilaya iliyompa Trump ushindi. Ukiwatazama hawa, walikwenda vijijini miaka ambayo hakuna uchaguzi. Ushindi wao ulikuwa mwembamba, wala sitawadanganya kwamba njia hiyo inafungua kaunti 31 za Iowa kesho. Vitu vya katikati vilijengwa kwa miaka 70 na vikafa kwa 30.

Na kwa haki niseme upande wa pili una shida yake. Mrepublikani hajui tena njia ya kuzungumza na mtu wa Milwaukee au Philadelphia, na hana haja ya kujifunza maadamu anashinda bila wao. Mtu Mweusi wa Milwaukee anasikia mji wake ukitajwa kwenye mikutano ya kampeni kama mahali pa wizi wa kura na uhalifu tu. Naye ana haki ya kujiona hatambuliwi.

#13 Kivu_Ottumwa

Ndugu, mimi nimepata uraia mwaka huu. Nifanye nini ili nipige kura? Na mke wangu ana kadi ya kijani, kibali cha ukaazi wa kudumu, naye anaruhusiwa?

#14 Mleta uzi

Hongera sana ndugu yangu. Nisikilize vizuri, na wengine walioko huku wasome.

Mke wako asipige kura wala asijaze fomu yoyote ya kujiandikisha hadi awe raia. Wakati mwingine ukienda kuchukua leseni ya udereva unaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Ajibu hapana. Mwenye kadi ya kijani akipiga kura ni kosa la jinai na anaweza kufukuzwa nchini, hata kama alikosea kwa kutoelewa lugha.

Wewe jiandikishe sasa, usingoje. Iowa inaruhusu kujiandikisha hata siku yenyewe ya uchaguzi ukiwa na kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa makazi, lakini mapema ni salama zaidi. Hakikisha idara ya leseni ina taarifa zako mpya za uraia. Oktoba 2024 ofisi ya jimbo iliagiza kura za watu zaidi ya 2,000 zihojiwe kwa sababu kumbukumbu za leseni ziliwaonyesha si raia, na baadaye ikajulikana walio wengi walikuwa raia wa kuapishwa kama wewe. Siku ya kura beba cheti chako cha uraia au pasipoti.

Na usisubiri urais. Hapa Iowa uchaguzi wa halmashauri za miji na bodi za shule unafanyika Novemba ya miaka isiyogawanyika kwa mbili. Watu wachache sana hujitokeza, viti vingine huamuliwa kwa kura chache mno. Mikutano ya bodi ya shule iko wazi kwa kila mtu. Nenda na yule mzee wako, kaeni pamoja.